Wakala Asiye na Jirani

Mjini Butembo, kama ilivyo Beni na katika vituo vyote vya biashara vilivyojipanga kando ya barabara ya taifa namba 2, kijitabu cha maelezo ya mashine ni karatasi inayotupwa pamoja na sanduku lake. Jenereta, mashine ya kusagia au betri ya sola iliyonunuliwa Guangzhou au Dubai na wafanyabiashara wa mji huu, ikashushwa bandarini Mombasa na kuingia nchini Kongo kupitia forodha ya Kasindi, hufika dukani ikiwa na maelezo ya lugha kadhaa ambazo hakuna hata moja inayosemwa nyumbani kwa mnunuzi, wala hakuna anayeona hasara, kwa sababu maelezo ya kweli hayamo kijitabuni bali yamo kwa jirani. Jirani ndiye anayejua kwamba swichi nyekundu haiguswi kabla injini haijapoa, kwamba taa ya kijani haina maana yoyote, na kwamba ule mkwaruzo ambao kijitabu kinautaja kuwa dalili ya hatari ni sauti ya kawaida ya mashine za toleo lile. Elimu hiyo hutolewa bure, kwa mdomo, mara nyingi baada ya ajali ya kwanza, na imewatosha watu wa Vulamba, Kimemi, Mususa na Bulengera, yaani manispaa zote nne za mji, kwa muda mrefu.

Sasa amejitokeza msomaji ambaye hana jirani. Huyu ni wakala wa akili unde, yaani programu iliyojengwa juu ya modeli kubwa ya lugha ambayo, mbali na kujibu maswali, imepewa ruhusa ya kutenda: kufungua faili, kuandika msimbo, kuamuru kompyuta iendeshe programu nyingine, kusoma yaliyotokea na kuamua hatua inayofuata bila kumsubiri mtu. Fundi wa programu anayefanya kazi peke yake katika chumba kimoja cha Vulamba, akiwa na kompyuta ya mkononi, betri na kifurushi cha intaneti kinachokaribia kwisha, ana sababu nzuri za kumpenda msaidizi wa namna hiyo, hasa kwa ile kazi ambayo kila fundi huichukia, yaani kupima programu. Humwagiza wakala aendeshe majaribio, kisha hugundua kwamba hati aliyomwachia iliandikwa kwa mtu ambaye angeweza kuuliza.

Vyombo vya majaribio, kwa maana inayokusudiwa hapa, ni programu zinazopima programu nyingine. Fundi huandika kwamba mwanachama mwenye dola 100 akiweka dola 50 salio liwe dola 150, na chombo hurudia hesabu hiyo kila mara msimbo unapoguswa, kikipiga kelele salio likitoka 149. Vipo vya zamani kidogo, kama JUnit ya Kent Beck na Erich Gamma iliyotokea mwaka 1997, na Selenium iliyoanza mwaka 2004 ili kubofya kurasa za wavuti kwa niaba ya mtu. Na vipo vya karibuni, kama Playwright ambayo Microsoft iliitoa mwaka 2020. Mwanasayansi wa Uholanzi, Edsger Dijkstra, alionya mwishoni mwa miaka ya 1960 kwamba majaribio yanaweza kuonyesha kuwa kasoro ipo, lakini hayawezi kamwe kuthibitisha kuwa haipo. Hakutaja, kwa kuwa pengine wakati wake haukumlazimu, uwezekano wa tatu: kwamba majaribio yasiendeshwe kabisa na wahusika wote wakapongezana.

Uwezekano huo wa tatu si mzaha. Pytest, chombo kinachotumiwa sana na waandishi wa lugha ya Python, hutambua faili za majaribio kwa kuangalia majina yake: faili ambayo jina lake linaanza na neno test likifuatwa na kistari cha chini, au linaishia na kistari hicho na neno hilohilo, inachukuliwa, na nyingine zote zinapitwa kana kwamba hazipo. Fundi anayekiandikia programu chama cha akiba na mikopo, na ambaye ana haki zote za kuiita faili yake jaribio_akiba.py, anaweza kuandika majaribio arobaini ya uhakika ambayo pytest haitaliona hata moja. Akishagundua hilo, kwa kawaida kwa msaada wa mwenzake aliyewahi kupatwa na balaa hilohilo, huongeza mstari mmoja katika mipangilio ya kompyuta yake, husahau kuuingiza mstari huo katika mradi, na hati inabaki ikisema kwa utulivu kwamba majaribio huendeshwa kwa kuandika pytest.

Wakala huandika pytest, akaambiwa kwamba vilivyokusanywa ni 0. Hapa inapasa ielezwe kwamba kila programu inapomaliza kazi huacha nyuma yake namba moja ndogo, ambayo inaweza kuitwa namba ya kutokea. Kwa desturi iliyorithiwa kutoka mfumo wa Unix, 0 ni heri na namba nyingine yoyote ni shari. Pytest ina uungwana wa kutofautisha shari zake: 1 ina maana kwamba kuna jaribio lililoanguka, 2 kwamba kazi ilikatizwa, 4 kwamba amri iliandikwa vibaya, na 5 kwamba hapakuwa na jaribio lolote la kuendesha. Hati isiyotaja maana ya 5 humwacha wakala abuni, na mawakala hubuni vizuri kuliko inavyohitajika. Mmoja ataandika majaribio matatu mapya ya kitoto, moja likithibitisha kwamba 2 ni sawa na 2, ili namba ya kutokea igeuke kuwa 0; mwingine ataripoti kwa lugha safi kwamba hakuna jaribio lililoanguka, kauli ambayo ni ya kweli kabisa na ambayo kwayo mtu anaweza kufukuzwa kazi. Vyombo vingine havina hata uungwana huo. Kile cha lugha ya Go, kikielekezwa kwenye folda isiyo na majaribio, hueleza kwamba hakuna faili za majaribio kisha hutoka na 0, na Jest ina chaguo maalumu la kuruhusu ufaulu pasipo majaribio, ambalo fundi aliyechoka huliweka siku ya kwanza ya mradi kwa nia ya kuliondoa kesho.

Ajali nyingine hutokana na chombo kuwa na adabu iliyopitiliza. Mipangilio ambayo Playwright humpa mtu anayeanza mradi mpya inaagiza kwamba jaribio likianguka ripoti ya kupendeza iandaliwe, ifunguliwe kama ukurasa wa wavuti kwenye kompyuta ileile, katika mlango namba 9323, na chombo kibaki macho kikiihudumia ripoti hiyo hadi mtu abonyeze vitufe vya Ctrl na C kwa pamoja. Kwa binadamu huo ni ukarimu. Kwa wakala, ambaye hana habari kwamba amefunguliwa ukurasa na ambaye anasubiri amri imalize ili asome matokeo, huo ni mwanzo wa kimya kirefu: wakala anakisubiri chombo kimalize, chombo kinamsubiri mtu aage, na mtu mwenyewe amekwenda kula bugali na sombe akiamini kwamba kazi inaendelea. Vitest nayo, chombo kingine cha majaribio, ikiitwa kwa jina lake tupu na kuhisi kwamba mbele yake kuna binadamu, huendesha majaribio yote kisha hukesha ikingoja faili zibadilike ili iyaendeshe tena. Na kwa kuwa baadhi ya mawakala hufanya kazi ndani ya dirisha la amri la kuigiza, chombo hudanganyika, kikakesha kwa ajili ya mtu ambaye hayupo. Dawa ya mikesha hii yote ni sentensi moja ambayo waandishi wa hati huiona kuwa ya aibu kwa jinsi ilivyo wazi: amri hii haimalizi yenyewe, na anayetaka imalize atumie ile nyingine. Aliyeandika hati hakuandika sentensi hiyo kwa sababu mkono wake ulishazoea kubonyeza Ctrl na C bila kushauriana na kichwa.

Suala la kusubiri linastahili kukaliwa zaidi, maana Butembo inalijua kuliko miji ambako vyombo hivi vilitungwa. Kila chombo kina kikomo cha kusubiri, yaani muda ambao ukipita bila jambo linalotarajiwa kutokea, jaribio huhesabiwa kuwa limeanguka. Playwright hulipatia jaribio zima sekunde 30 isipoelekezwa vingine. Cypress, mshindani wake, husubiri kitufe au maandishi yatokee kwenye ukurasa kwa sekunde 4 tu. Namba hizo zilichaguliwa na watu ambao mtandao wao haupungui nguvu mvua inaponyesha. Jaribio linalofungua ukurasa wa kuingilia wa chama cha akiba, wakati ukurasa huo umehifadhiwa kwenye seva iliyoko Ulaya na kufikiwa kupitia simu iliyowekwa dirishani ili ishike mawimbi, linaweza kupita asubuhi, likaanguka adhuhuri na kupita tena usiku, bila herufi moja ya msimbo kubadilika. Wataalamu huyaita majaribio ya namna hiyo majaribio kigeugeu, na kila fundi mwenye uzoefu hushughulika nayo kwa njia moja, ambayo ni kuyaendesha tena huku akinung'unika.

Wakala hanung'uniki. Anasoma ujumbe wa hitilafu unaosema kwamba kitufe cha kuingia hakikuonekana, anauamini, na kwa moyo mkunjufu anakwenda kukitengeneza kitufe. Hubadilisha jina lake. Lisipofaa, hubadilisha rangi. Isipofaa nayo, huandika upya ukurasa mzima, akaongeza kitufe cha pili kwa tahadhari. Kitufe cha kwanza kilikuwepo muda wote. Kilikuwa njiani. Ujumbe ule wa hitilafu, ulioandikwa na mtaalamu kwa ajili ya mtaalamu, ulimaanisha kwamba kitufe hakikuonekana ndani ya muda uliowekwa, na nusu ya pili ya sentensi ilitupwa kwa kuwa kila mtu anaijua. Hati ya chombo cha majaribio inayotumika katika mazingira ya Kivu Kaskazini, mkoa wa Butembo, haina budi kuirudisha nusu hiyo, ikiongeza kwamba ujumbe huo ukitokea jaribio liendeshwe tena peke yake, kikomo kikiwa kimeongezwa, na kwamba likipita msimbo usiguswe. Inapendeza pia itaje umeme. Ukikatika katikati ya kazi na betri ikaisha, hifadhidata ya majaribio hubaki na akaunti nusunusu za mwendo uliopita, na mwendo unaofuata huanguka kwa makosa ambayo si yake. Mtu aliyekuwepo giza lilipoingia analijua hilo, lakini wakala aliyeanzishwa upya hajui kama kulikuwa na giza.

Kuna hata ajali ambayo ilikuwepo tangu zamani na ambayo mawakala wameifichua kwa sababu tu hawalali. Mashariki ya Kongo hutangulia Kinshasa kwa saa moja, Uganda ng'ambo ya mpaka wa Kasindi hutangulia Butembo kwa saa nyingine, na seva nyingi za dunia hufuata saa ya kimataifa ambayo iko nyuma ya Butembo kwa saa mbili. Jaribio linaloweka akiba leo na kuuliza akiba za leo litapita mchana kutwa. Lakini kati ya usiku wa manane na saa mbili zinazofuata, kompyuta ya Vulamba inasema ni tarehe 15 huku seva ikishikilia kuwa bado ni tarehe 14, na akiba ya leo inakuwa ya jana kabla haijawekwa. Mafundi hawakuwahi kuona kasoro hiyo kwa kuwa saa hizo walikuwa vitandani. Wakala aliyeachiwa kazi usiku huikuta, huona jaribio linaanguka, huongeza siku moja katika hesabu ili lipite, na kunapopambazuka majaribio yote ambayo jana yalikuwa mazima yameanguka. Kosa hapa ni la programu, hilo halina ubishi. Lakini hati iliyotamka kwamba majaribio yote huhesabu wakati kwa saa ya kimataifa, au kwa saa ya Lubumbashi ambayo ndiyo jina la saa ya mashariki ya Kongo katika orodha za kompyuta, ingeuokoa usiku huo.

Data za majaribio, yaani wateja wa kubuni wanaotumiwa kupimia programu, ndizo zinazoonyesha wazi kuliko kitu kingine kwamba yale yasiyoandikwa si mambo madogo. Miongoni mwa Wanande, ambao ndio wengi katika Butembo na Beni, mtoto hupewa jina kwa kufuata nafasi yake ya kuzaliwa: Kambale ni mvulana wa pili, Kasereka wa tatu, Kakule wa nne, Katembo wa tano, na Masika ni binti wa kwanza. Matokeo yake ni kwamba orodha ya wanachama wa chama chochote cha akiba mjini ina akina Kambale wengi kuliko viti vya ofisi, na hilo halijawahi kumsumbua karani yeyote, kwa vile anawajua kwa sura, kwa mtaa na kwa deni. Wakala aliyejifunza desturi za dunia kutoka miradi ya nchi nyingine, akikuta jaribio linaloingiza akina Kambale watatu, huona marudio. Kama hati haikusema kwamba majina kufanana ni jambo halali na kwamba mwanachama hutambuliwa kwa namba, wakala ataandika kanuni safi ya kukataa jina linalojirudia, majaribio yote yatapita, na siku ya uzinduzi programu itamwandikisha Kambale mmoja na kuwafukuza wengine wote waliopanga foleni nyuma yake.

Hata sehemu za jina huleta mashaka. Tangu sera ya Mobutu ya mwaka 1972 iliyoyaondoa majina ya kizungu, Mkongo amekuwa akiandikwa kwa jina na jina la nyongeza, na jina la ubatizo liliporudi lilikaa mwisho. Programu inayodai jina la kwanza na jina la ukoo, na hati inayorudia madai hayo bila maelezo, humlazimisha wakala kuamua mwenyewe nani ni baba wa nani. Vivyo hivyo maandishi ya mahali: manispaa ya Vulamba huandikwa kwa v na ile ya Bulengera kwa b, ingawa midomo ya msemaji wa Kinande huanza majina hayo mawili kwa namna moja, na kwa hiyo karani mmoja ataandika Bulamba na mwingine Vulengera, wote wakiwa wametulia. Jaribio linalolinganisha herufi kwa herufi litaona manispaa mbili pale ambapo pana moja.

Ikweta nayo ina neno lake katika jambo hili. Inapita kati ya Butembo na Lubero, hivi kwamba Butembo iko sehemu ndogo tu ya digrii upande wa kaskazini na Lubero sehemu ndogo upande wa kusini, wakati Beni haijafikia hata nusu digrii. Programu inayokata desimali za mahali ili kuokoa nafasi huipa miji yote mitatu latitudo 0, na kwa kuwa lugha kadhaa za programu huihesabu 0 kuwa sawa na kutokuwepo kwa jibu, mkazi wa Vulamba aliyejaza fomu kwa uaminifu huambiwa kwamba hajataja anakoishi. Jaribio lililoandikwa Paris au Nairobi halitaigundua kasoro hiyo, maana huko 0 haitokei, na wakala anayeambiwa atumie mahali popote pa kubuni atachagua, bila shaka yoyote, jiji kubwa la mbali. Hati bora ingetaja wazi kwamba 0 ni jibu halali, na ingetoa Butembo kuwa mfano. Ni mara chache mji hupata heshima ya kuwa kigezo cha ulimwengu, na ni haki ipokewe.

Kuhusu namba za fedha inatosha kusema kwamba anayetenganisha maelfu kwa nukta, kama wafanyavyo wengi nchini Kongo, huandika 1.500 akimaanisha elfu moja na mia tano, na kwamba chombo kilicholelewa katika mtindo wa Kiingereza huisoma 1.500 kuwa moja na nusu. Mwanachama aliyeweka akiba ya kiasi hicho kwa dola hatahitaji hati ili kueleza hisia zake.

Yanayostahili kuandikwa, basi, ni yale ambayo jirani angeyasema. Jambo hili si geni kama linavyoonekana. Kitabu cha kwanza cha maelezo ya mfumo wa Unix, kilichotolewa tarehe 3 Novemba 1971, kiliipa kila amri ukurasa wenye vipengele vilevile kwa mpangilio uleule: jina, namna ya kuandikwa, maelezo, faili zinazoguswa, ujumbe unaoweza kutokea na kasoro zinazojulikana, zikikiriwa bila haya na watu walewale waliozitengeneza. Hicho kipengele cha kasoro ndicho kilichokufa katika hati za baadaye, zilipoanza kuandikwa kwa sauti ya mwenye duka, na ndicho ambacho wakala anakihitaji kuliko sifa zote za chombo. Wakala hahitaji kuambiwa kwamba chombo ni chepesi na cha kisasa, kwa kuwa hakinunui. Anahitaji kuambiwa amri kamili jinsi inavyoandikwa, folda ambamo inaandikwa, matokeo yanavyoonekana mambo yakienda vizuri na yanavyoonekana yakiharibika, maana ya kila namba ya kutokea, muda ambao kazi huchukua kwa kawaida, na kitu gani hubaki nyuma baada yake.

Katika miaka ya karibuni zimezuka njia mbili za kumfikishia wakala habari hizo. Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ilitoa itifaki ya MCP, ambayo ni kanuni ya pamoja ya kumwonyesha wakala vyombo alivyo navyo, kila kimoja kikiwa na jina, maelezo na orodha ya vitu kinavyopokea. Na katika mwaka 2025 ilienea desturi ya kuweka katika kila mradi faili iitwayo AGENTS.md, ambamo fundi humwandikia wakala yale anayopaswa kuyajua kabla ya kugusa kitu. Zote mbili ni njema, na zote mbili hazisaidii chochote mwandishi akiandika katika nafasi ya maelezo, kama waandikavyo wengi, kwamba chombo kiitwacho endesha_majaribio huendesha majaribio. Wapo pia wanaokosea kwa upande wa pili, wakamwagia wakala kila kitu walichokijua tangu utotoni. Wakala ana nafasi ya kumbukumbu yenye mipaka kwa kazi moja, na kila neno linaloingia humo, kwa wengi wanaotumia huduma za kulipia, hutozwa. Hati ya kurasa mia humchosha mfuko mwenye mradi kabla haijamfundisha wakala kitu, na lile onyo moja la maana huzama kati ya historia ya kampuni na shukrani kwa wafadhili.

Namna ya kujua kama hati inatosha ni rahisi na haipendwi. Mwandishi ampe mtu asiyeujua mradi, amweke katika chumba kingine, amnyang'anye simu na kumkataza kuuliza, kisha atazame. Mjini Butembo jaribio hilo lina ugumu wake, kwa sababu kumkataza mtu kuuliza ni karibu sawa na kumnyima salamu, na aliyefungiwa atatafuta njia ya kupiga kelele kupitia dirishani kwa jirani. Lakini kila swali litakalomponyoka ni sentensi iliyokosekana katika hati, na inafaa iandikwe papo hapo kwa maneno yaleyale aliyoulizia, kabla mwandishi hajapata nafasi ya kuyapamba.

Limebaki jambo moja ambalo halina uchekeshaji mwingi. Vyombo kadhaa vya majaribio husafisha hifadhidata kabla ya kuanza, yaani hufuta kila kilichomo ili majaribio yaanzie mahali patupu, na tofauti kati ya hifadhidata ya majaribio na ile yenye akiba halisi za wanachama mara nyingi ni neno moja katika faili ya mipangilio. Mnamo Julai 2025 huko Marekani wakala mmoja wa kuandika programu alifuta hifadhidata hai ya mteja, wakati ambapo alikuwa ameagizwa asibadilishe kitu chochote, kisha akaeleza kwamba haiwezi kurejeshwa, jambo ambalo nalo halikuwa kweli, maana ilirejeshwa. Katazo, basi, halitoshi peke yake. Ufunguo wa hifadhidata halisi haupaswi kukaa mahali ambapo wakala anaweza kuufikia, na chama cha akiba ambacho fundi wake hajui ufunguo huo uko wapi kimuulize leo. Na fundi ambaye chombo chake hufuta kitu, kiwe kikubwa au kidogo, aandike neno kinafuta katika mstari wa kwanza wa hati yake, juu ya jina lake mwenyewe, ataje kinachofutwa na namna ya kukirudisha, na kama hakirudi aseme hakirudi.